Mwezi Alionisomea Picha

Mimi si mtu wa kukaa. Watoto wangu wanalijua hilo, majirani wanalijua, na hata kochi letu linalijua, maana upande wa mume wangu umebonyea na upande wangu bado una sponji ya dukani. Nikikaa kidogo tu miguu inaanza kuniwasha. Nitakumbuka nguo ziko kwenye kamba, nitakumbuka bomba la jikoni sijalifunga vizuri, nitainuka. Kwa hiyo shule zilipofungwa na mume wangu, ambaye ni dereva wa basi la shule, akatangaza kwamba mwezi mzima wa likizo tutakaa sebuleni tuangalie picha za zamani, nilimuuliza, "Utakaa na nani?"

"Na wewe. Tumezeeka, mama. Watu wakizeeka wanakaa."

"Zeeka peke yako."

Lakini binti yetu alikuwa ameshaleta flashi. Anafanya kazi kwenye duka la muziki na picha, na kwa muda mrefu alikuwa akizisaka kimyakimya picha zile zile ambazo mimi na baba yake tulikuwa tukienda kuziangalia tulipokuwa wachumba, kabla jumba la sinema halijageuzwa ghala la matairi. Ni picha za nchi za mbali, wenyewe wanaongea lugha zao, na maandishi ya lugha yetu yanapita chini. Aliichomeka flashi nyuma ya televisheni, akatubusu, akasema, "Haya, wachumba," akaenda kazini.

Sasa hapa lazima nieleze kidogo. Wakati ule wa uchumba mimi nilikuwa sijui kusoma. Sikuona aibu, nilikuwa na wenzangu wengi. Tulipoingia sinema mara ya kwanza mchumba wangu aliniuliza kwa nini nacheka watu wanapolia, nikamwambia ukweli. Akasogea, akaanza kunisomea sikioni. Watu wa mbele wakageuka: "Zimeni hiyo redio!" Hakuzima. Picha ya pili walilalamika tena. Picha ya tatu nikaona mzee mmoja na wake zake wanahama viti ili wakae karibu nasi, na baada ya miezi michache safu yetu yote ilikuwa ya watu wasiojua kusoma, wanauliza mlangoni, "Redio amekuja?" Jina likamganda. Mpaka leo kuna watu sokoni hawajui jina lake lingine. Uso wake, Mungu anisamehe, haukuwa wa kusimamisha mtu njiani. Mimi niliolewa na sauti.

Kusoma nilijifunza baadaye, kwenye darasa la watu wazima, kwa sababu ya hasira. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na siku moja nilipeleka mashuka ya wodi ya wazazi kwenye chumba cha upasuaji. Msimamizi akanifokea mbele ya wenzangu mpaka nikasikia masikio yanapata moto. Nikaapa kwamba hakuna mtu atakayenifokea tena kwa sababu ya maandishi. Nilisoma kwa ukali, kwa kweli, na sasa hivi nasoma haraka kuliko binti yangu.

Kwa hiyo sikuhitaji kusomewa. Lakini picha ya kwanza ilipoanza, mimi nikiwa nyuma ya kochi na meza yangu ya pasi, maana tangu nistaafu napiga pasi nguo za watu nyumbani, nilisikia ule muziki wa mwanzo nikawa msichana ghafla. Nikasema, "Redio, nisomee kama zamani."

Mimi ndiye niliyemwomba. Nataka hilo lijulikane.

Alikohoa. Alinyamaza kidogo, nikadhani anaona haya. Kisha akaanza, kwa sauti ile ile ya chini, na mimi nikageukia dirisha na pasi yangu, televisheni mgongoni, nikawa nasikiliza. Ilikuwa ile picha ya msichana anayeuza mikate stesheni, anayempenda mwanajeshi aliyemwona mara moja tu dirishani mwa treni. Zamani niliililia picha hii mpaka nikalowesha bega la watu. Safari hii nilimkasirikia msichana. Umngoje mtu kwa ajili ya dirisha! Mikate inapoa, mama yake mgonjwa, yeye yuko kwenye reli. Nikamwambia mume wangu, "Huyu angekuwa binti yangu ningemfungia."

"Ulikuwa unataka awe wewe," alisema.

"Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa mzuri."

Hivyo ndivyo wiki ya kwanza ilivyokwenda, na nitasema ukweli, nilifurahi. Kila mchana baada ya chakula tunaweka picha, yeye anasoma, mimi napiga pasi, nazunguka, naenda jikoni, narudi, nauliza nani kafa. Nilishangaa jinsi picha zilivyobadilika wakati hakuna aliyezigusa. Ile ya ndugu wawili waliogombania shamba, zamani nilikuwa upande wa mdogo kwa kuwa alikuwa na masharubu mazuri. Sasa nilimhurumia mama yao, ambaye anaonekana mara mbili tu, mara zote mbili amebeba ndoo. Nani aliwauliza wale wanaume maji yanatoka wapi? Na steringi, yule tuliyekuwa tukimpigia makofi mpaka mikono inauma, sasa nilimwona ni mtu anayevunja milango ya watu na halipi. Mume wangu alicheka mpaka akashika ubavu. "Steringi hafi na halipi," alisema.

Kisha siku moja niligeuka kutundika shati.

Kwenye televisheni alikuwa mwanamke, amesimama ngazini, mdomo amefunga. Mume wangu akasoma, "Usije tena hapa, watoto wameshakusahau." Nikatazama chini ya picha. Hakukuwa na kitu. Ndipo mwanamke akafungua mdomo, na maandishi yakaja: Usije tena hapa, watoto wameshakusahau.

Nikacheka. "Redio, leo umewahi. Umefungua matangazo kabla ya saa."

Naye akacheka, lakini kifupi.

Nikaacha kugeukia dirisha. Nilihamisha meza ya pasi, nikamwambia mwanga ni mzuri upande huu, na nikawa natazama. Mara nyingine alikwenda sawa na maandishi. Mara nyingine alitangulia, mara nyingine alichelewa, maandishi yameshapita na yeye ndiyo kwanza anayatamka, neno kwa neno bila kukosea. Mwanzoni nilijivuna. Nikamwambia binti yetu kwenye simu, "Baba yako amezikariri zote! Kichwa gani hicho!" Lakini usingizi wa mchana ukanikimbia. Nilikuwa nafagia mahali nilipofagia. Kitu kilikuwa kinanitembea mwilini na sikutaka kukipa jina.

Binti yetu ndiye aliyekipa, bila kujua. Alileta flashi nyingine, na katikati ya picha zetu akawa ameingiza moja ambayo hatukuwahi kuiona, picha ya zamani sawa, lakini haikufika jumba letu. Ilianza na mwanamke anayefua nguo kwenye nyumba kubwa ya matajiri. Nikasema, "Leo wamenikumbuka!" nikasimama na pasi mkononi nione kama anajua kusuuza. Hakujua. Akaingia bwana mwenye nyumba, wakaanza kuongea. Mume wangu kimya.

"Mbona husomi?"

"Hawajasema kitu cha maana."

Midomo yao ilikuwa inakwenda. Nilimtazama kutoka nyuma. Alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, shingo ameinyoosha kuelekea ile televisheni kwa namna iliyonitia huruma kabla sijajua kwa nini. Kisha akaanza. "Anamwambia... nimekuja kukuaga. Nikifa, funguo za kabati ni zako."

Maandishi yalisema: Funga mlango, baridi inaingia.

Niliishusha pasi mezani bila kutazama. Nilisimama. Mwanamke akajibu kwamba mlango ni mbovu, na mume wangu akasoma kwamba yeye hataki kabati, anataka kujua baba yake ni nani. Bwana akamwagiza chai. Mume wangu akasoma, taratibu, sauti ikitetemeka kidogo mahali panapostahili, "Baba yako ni mimi."

"Kuna kitu kinaungua," akasema ghafla.

Lilikuwa shati la mwalimu wa hesabu, jeupe, mgongoni. Nililiinua na shimo lake la umbo la pasi, nikalishika hivyo hivyo mpaka mwisho wa picha. Kwenye televisheni mfua nguo aliiba vijiko vya fedha akapelekwa jela. Kwenye picha ya mume wangu alirithi nyumba, akawaita wenzake wote waje kulala vitanda vya juu. Ya kwake ilikuwa nzuri zaidi. Nililia, na aliponisikia alisema, "Si nilikwambia bado unapenda picha?"

Baada ya hapo kila kitu kilijipanga chenyewe, vitu ambavyo nilikuwa nimevipita nikikimbilia vingine. Balbu alizokuwa akibadilisha kila mara akisema za siku hizi hazina nguvu. Chai anayomimina huku kidole kimeingizwa kikombeni. Watu anaowasubiri waseme ndipo awaamkie. Nimefanya kazi hospitali, nimewaona watu wenye mtoto wa jicho wakiletwa wameshikwa mkono na wakiondoka wanatembea wenyewe, wanashangaa rangi ya viatu vyao. Ni ugonjwa unaotibika. Nilijua pia kwa nini hakwenda kutibiwa: wangemnyang'anya usukani. Mwanzo wa mwaka mwalimu mkuu aliwataka madereva wote wakapimwe macho, na mume wangu alirudi nyumbani akisema amepimwa, ana macho ya kijana. Nami nilikuwa nimemtania kwamba kijana huyo anione basi vizuri. Alikuwa amemwendea mwalimu mkuu na uongo, na sauti ile inaaminika.

Wiki ya mwisho ya likizo nyumba ilikuwa safi kupita kiasi. Nilifua mapazia mara mbili. Basi lile linabeba watoto wa mtaa mzima, nawajua, wengine nimewapigia pasi sare zao za kwanza. Jumatatu wangepanda. Usiku nilikuwa nageuka geuka, asubuhi nafungua mdomo nimwambie, ananiita "mama" kwa upole, naufunga. Niliogopa kumwambia na niliogopa zaidi Jumatatu ifike. Nilimchukia kwa kuniweka hapo katikati.

Siku nilipomwambia tulikuwa katikati ya ile picha ya stesheni, aliyotaka tuirudie. Msichana alikuwa na kikapu chake, mume wangu anasoma. Nikachukua rimoti nikaizima. Aliendelea kusoma mistari miwili kabla ya kugundua sauti haipo.

"Huoni," nikasema.

"Umeme umekatika?"

"Huoni, baba watoto. Tangu lini?"

 Akasema kwamba anaona, ila maandishi ni madogo, kila mtu wa umri wake yuko hivyo. Nikamwambia kuhusu mlango na baridi. Nikamwambia kuhusu vijiko vya fedha. Nilimwona anakunjua na kukunja vidole.

"Ile picha sikuijua," alisema. "Barabara naijua kwa moyo. Kila tuta, kila shimo, kila kona. Miaka yote hii nimewahi kumkwaruza mtu?"

"Na picha hizi pia ulizijua kwa moyo! Mtoto anayekimbilia mpira hayumo kwenye picha uliyokariri. Siku akitokea utasoma nini?"

"Usinipigie kelele."

"Nitapiga! Jumatatu huendi, na ukienda nitakuwa nimeshafika kwa mwalimu mkuu."

Aliinuka, akagonga meza ya pasi kwa paja, akaishika. "Utanivua nguo mbele za watu? Wewe? Mke wangu?"

"Mimi," nikasema, na nilijichukia wakati neno linatoka.

Hatukusemezana. Televisheni ilikaa imezimwa na flashi yake mgongoni. Nilipika, alikula, niliosha. Jumamosi jioni akatoka chumbani amevaa shati la kazi. "Vaa viatu. Twende shuleni."

"Kufanya nini?"

"Kupasha basi moto. Nawe utaona kama sioni."

Mlinzi alitufungulia geti, akamwamkia Redio kwa furaha, akarudi kibandani kwake. Uwanja ulikuwa mtupu. Basi lilikuwa limeegeshwa mbele ya madarasa, limeelekea getini, na jua la jioni lilikuwa linaingia moja kwa moja kwenye kioo chake. Mume wangu alipanda bila kupapasa, akakaa, akawasha. Alionekana mkubwa pale juu, na amependeza, siwezi kudanganya.

"Nenda kasimame popote," alisema dirishani. "Usiniambie. Nitakuona, nitakuja nisimame mbele ya vidole vyako."

"Umerukwa na akili?"

"Kama huniamini, rudi nyumbani."

Nikaenda mpaka getini, kwa hasira, kwa hatua zangu za haraka. Kulikuwa na joto. Nikauvua mtandio wangu wa njano nikautundika kwenye nguzo ya geti, nikajifuta shingo. Nikasimama. Sikuweza. Mchezo gani huu wa watu wazima, wenye wajukuu! Nikaamua nirudi nimwambie ashuke, tuzungumze kama watu, kliniki ya macho iko wazi Jumatatu hiyo hiyo. Nikarudi moja kwa moja, nikiwa nalitazama basi, nikafika karibu kabisa, hatua chache mbele ya boneti, nikamwangalia usoni kupitia kioo. Nikainua mkono.

Alikuwa anatabasamu. Alitoa kichwa dirishani, macho ameyakunja kwa jua, akatazama juu yangu, kule nyuma.

"Nakuona!" akaita. "Uko getini, na mtandio wako wa njano! Usisogee, mama, nakuja!"

Akaupungia mtandio mkono. Nikasikia gia inaingia. Miguu yangu, ambayo haijawahi kutulia tangu nizaliwe, ilikataa kwenda popote. Basi likatikisika, likaanza kuja.

"Niko hapa, baba watoto."

Breki zikalia. Tabasamu lilibaki usoni kwake kidogo, halijapata habari.

"Wapi?"

"Hapa. Mbele yako."

"Karibu kiasi gani?"

 Nikanyoosha mkono, sikulazimika kuunyoosha sana, nikaligonga boneti kwa kiganja. Lilikuwa la moto. Alisikia. Alizima injini, na kwa muda mrefu hakushuka. Alishika usukani kwa mikono yote miwili akitazama mahali mlio ulipotokea. Nikazunguka hadi dirishani kwake. Hakugeuka. Alichomoa ufunguo akautoa nje, pembeni kidogo ya nilipokuwa, nikasogea nikaupokea.

"Mpelekee mwalimu mkuu," alisema. "Nenda wewe. Mimi nikienda nitamwambia naona, na ataniamini."